Sura ya Tisa: Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Beseni lilikuwa bado pale mlangoni pa karakana, la plastiki, jekundu, na ndani yake hamna kitu ila majani mawili makavu. Inspekta Hyasinta Wanzagi alilitazama kwa muda mrefu kuliko beseni linavyostahili kutazamwa. Ilikuwa siku ya sita tangu Felisian azikwe, na mara yake ya tatu kufika hapa Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, na magoti yalikuwa yanamdai kila ngazi aliyoipanda wiki hiyo. Watu hudhani upelelezi ni kuona nyayo na kupiga kelele. Kazi yenyewe ni kurudi palepale na kuuliza lilelile, mpaka wewe na unayemuuliza mchokane.

"Koplo, vua mkanda," alisema.

Koplo Ryoba, kijana wa Tarime asiyependa kuzunguka mbuyu, alimkodolea macho. "Mkanda, afande?"

"Una chuma. Weka kwenye beseni, pamoja na simu na funguo. Ndiyo sheria ya humu."

"Ndege yenyewe si haipo?"

"Weka tu. Nataka kuona mgeni alikuwa anaingiaje."

Ndani palikuwa peupe kama nyumba iliyohamwa. Sakafuni kulikuwa na msalaba mkubwa wa rangi nyeupe, na kando ya kila ncha yake herufi ya upande wa dunia. Ukutani, kwa chaki, mwenye karakana alikuwa ameandika: CHUMA MARUFUKU. Chini yake ilibandikwa kadi ndogo yenye safu mbili za tarakimu, na tarehe ya Jumamosi, siku tatu kabla ya ajali.

Mwenye karakana, Stanslaus Mugeta, alikuwa mahabusu Bunda. Fundi ndege mstaafu huyo alitumia miaka minne kujenga ndege ya viti viwili kwa mbao, plaiwudi na gundi. Yeye alikuwa na ndege lakini hakuwa tena na macho ya kuirushia. Felisian Kasmiri, mwanaume wa miaka thelathini na mbili kutoka Kibara, alikuwa na leseni ya urubani lakini hakuwa na ndege. Wakaungana, na kwa muda wakapendana kama baba na mwana. Jumatatu wakagombana hadharani, kwa sababu Felisian alitaka kuruka na kibali kilikuwa hakijatoka. Majirani watano walimsikia Stanslaus akipaza sauti: "Ukiirusha kabla ya kibali, hutarudi!" Jumanne Stanslaus akaenda msibani Butiama. Felisian akaisukuma ndege hadi kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya karakana, akapaa kwenda kupita juu ya kwao, mama yake amwone.

Hakurudi. Kilichorudi ni sauti yake, ujumbe aliourekodi kwenye simu akiwa angani, ukadaka mtandao mara moja na kumfikia Stanslaus ambaye simu yake ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba: "Mwalimu, nimeshika digrii mia mbili na nane kama ulivyonifundisha. Ni dakika arobaini sasa. Kuna ukungu, ramani ya simu haifunguki, sioni nchi kavu, naona maji tu. Nishike ngapi?"

Wavuvi waliikuta ndege inaelea mbali sana magharibi ya njia yake. Ukipiga mstari kwenye ramani kutoka Musoma mpaka pale, na mwingine kutoka Musoma mpaka Kibara, kati yake zinalala digrii thelathini na zaidi. Dira ilimdanganya. Swali lilikuwa nani aliifundisha uongo. Kesho saa mbili asubuhi mkuu wa upelelezi alitaka jalada mezani, na juu yake neno moja kati ya mawili: ajali au mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Stanslaus alikuwa na miaka sitini na sita na kisukari, na Hyasinta alijua vizuri ni mara ngapi mahakama huambiwa upelelezi bado haujakamilika. Mtu wa namna hiyo akiingia rumande, hutoka kwa machela.

"Mimi jibu ninalo," Ryoba alisema, akishika suruali isimshuke. "Alimtishia mbele ya watu. Na sumaku tumeikuta kwenye droo yake, ya spika, nzito. Sumaku na dira ni kama paka na panya."

"Hiyo sumaku tuliikuta lini?"

"Alhamisi."

"Ndege ilianguka Jumanne. Kama ndiyo iliyopotosha dira, iliogelea ikarudi kwenye droo?"

Ryoba aliivuta suruali juu. "Labda alikuwa nazo mbili."

"Labda," Hyasinta alisema bila uchungu. Yeye naye alikuwa ameliwaza hilo, saa kumi alfajiri, akashindwa kulitupa.

Mke wa Stanslaus, Lilian, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Jenipher, aliingia akiwa amejifunga kanga kiunoni. Alikuwa amekonda kwa siku sita kama mtu aliyeugua mwezi.

"Afande, mmerudi tena. Nimesema yote mimi."

"Najua, mama. Nieleze hii kadi ukutani."

"Hiyo ni ya dira. Alikuwaga anaizungusha ndege juu ya huo msalaba, injini inawaka, redio inawaka, taa zinawaka, anaandika dira inasema nini kila upande. Jumamosi walimaliza. Akaniita nije nione. Kosa kubwa lilikuwa digrii tatu, alifurahi, akaomba chai ya maziwa."

Hyasinta aliandika. Jumamosi dira ilikuwa nzima. Jumanne ilikuwa mbovu. Basi kilichoipotosha kiliingia humu kati ya hapo, na kiliingia na mtu.

"Jumapili na Jumatatu nani aliingia?"

"Jumatatu hakuna, waligombanaga tu pale nje. Jumapili mume wangu alikuwa misa ya pili. Felisian alikuja na baba yake, mzee Kasmiri, kumwonyesha." Uso wa Lilian ulibadilika kidogo. "Yule mzee, Mungu anisamehe maana amefiwa, lakini hana adabu."

"Kivipi?"

"Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Mara mbili, afande! Akatikisa kichwa tu, midomo ameifunga, kama mimi ni mbwa. Kwangu, kwenye mlango wangu! Na sasa ndiye anapiga simu kila siku kwenu mumfunge mume wangu."

Ilikuwa kweli. Mzee Kasmiri alipiga simu kituoni kila asubuhi kabla ya chai, na neno lake lilikuwa lilelile, kwamba damu ya mwanawe haitaoshwa na maji ya ziwa.

"Aliacha nini kwenye beseni?"

"Kisu na funguo ya baiskeli. Na tochi. Nililinda mwenyewe vitu vyake."

"Na walipokuwa humu, walikuomba chochote?"

Lilian alifikiri. "Felisian alikuja jikoni, akaomba nyundo ya kuvunjia mkaa. Akairudisha palepale. Sikumuuliza. Anaulizwa nini mtu mwenye furaha vile?"

Hyasinta alilipigia mstari neno nyundo, ingawa hakujua bado la kulifanyia.

*

Mabaki ya ndege yalikuwa nyuma ya kituo cha Bunda, chini ya turubai, yakinuka petroli na dagaa. Mbawa zilivunjika, lakini pua na chumba cha rubani vilibaki vizima, na katikati ya dashibodi ya plaiwudi dira ilikuwa bado inaelea ndani ya maji yake. Mtaalamu wa ajali kutoka Dar es Salaam alikuwa ameahidi kufika mwezi ujao. Mwezi ujao Stanslaus angekuwa keshahesabiwa na mahabusu wengine kwenye gereza la Musoma.

Wakamleta. Mzee mfupi, mashati mawili, pingu mikononi. Aliinamia dashibodi, na dira ikageuka yenyewe, polepole, kuifuata mikono yake.

"Umeona!" Ryoba aliruka. "Ana sumaku mwilini!"

"Ni pingu, mwanangu," Stanslaus alisema kwa sauti iliyochoka. "Pingu ni chuma. Afande, kama mnataka ukweli nifungueni. Kama hamtaki, nirudisheni ndani nikalale."

Hyasinta alitoa ufunguo. Kumfungua mtuhumiwa uani bila kibali cha mkuu ni kosa, na alilijua. Pingu zikawekwa mbali, juu ya ndoo, pamoja na bunduki ya askari wa zamu na mkanda wa Ryoba, ambao siku hiyo ulivuliwa mara ya pili.

"Tuanze na waya?" Hyasinta aliuliza.

"Waya si zenyewe. Nilizisokota mbilimbili, umeme unaokwenda na unaorudi ukae pamoja, mmoja unaua nguvu ya mwenzake. Na betri imekufa kwa maji. Waya isiyo na umeme haivuti kitu."

"Spika ya redio?"

"Iko nyuma ya kiti, hatua mbili kutoka kwenye dira. Ile sumaku mliyoichukua kwenye droo yangu ni ya kufagilia. Ninaifunga kwenye fimbo, napitisha sakafuni, inaokota vumbi la chuma. Huwezi kusafisha chuma kwa macho."

Ryoba alitazama pembeni. Stanslaus akaomba dira yake ndogo ya mkononi, iliyokuwa miongoni mwa vielelezo. Akasimama nayo hatua kumi kutoka kwa kila mtu, akawaelekeza askari wanne waigeuze pua ya ndege taratibu, mpaka ilipotazama mia mbili na nane, njia ya Kibara.

"Soma ya ndege, afande."

Hyasinta aliinama. "Mia moja sabini na sita."

Stanslaus alikaa chini, palepale kwenye changarawe.

"Thelathini na mbili," alisema. "Ili imsomee mia mbili na nane, ilibidi ageuze pua zaidi kulia. Magharibi. Kila dakika alikuwa anaingia ziwani, na yeye anashika alichofundishwa. Alikuwa mtiifu yule. Alikosea siku moja tu, akaniibia ndege."

Waliichomoa dira, wakaipeleka kando, ikasoma sawasawa na ya mkononi. Basi dira haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye mbao. Stanslaus akapitisha dira yake ndogo nyuma ya dashibodi, kidole kwa kidole, mpaka sindano ikaanza kuhangaika. Akaipeleka kwenye boriti ndogo iliyoshika dashibodi, vidole vinne nyuma ya mahali pa dira. Sindano ikazunguka nusu duara, ikatulia inatazama mbao.

Palikuwa na duara dogo, limepakwa vanishi, rangi moja na ubao. Hyasinta alipiga picha, akapima, kisha akaruhusu koleo. Kilichotoka kilikuwa msumari wa pembe nne, mrefu kama kidole cha kati, umefuliwa kwa mkono, na kichwa kimelazwa upande.

"Si wangu," Stanslaus alisema. "Ndege yangu haina msumari hata mmoja. Gundi na skrubu za shaba tu."

"Msumari mmoja unaweza kupotosha hivi?" Ryoba aliuliza. Akang'oa mwingine, wa kawaida, kwenye kreti la soda, akausogeza kwenye dira ndogo. Sindano ikatikisika kidogo. Ule wa zamani uliizungusha ukiwa bado mbali.

"Huu umelala na sumaku," Stanslaus alisema. "Si siku moja. Miaka. Chuma kikilala na sumaku kinakuwa sumaku."

Hyasinta aliuzungusha mkononi. Misumari ya namna hii aliiona wiki iliyopita tu, siku walipoivuta ndege nchi kavu, kwenye mbavu za mitumbwi mizee iliyopinduliwa mchangani. Wanaoitumia ni mafundi mitumbwi, na fundi wa mitumbwi akiwa kazini, mikono yote imeshika mbao na nyundo, misumari anaiweka wapi?

Alimpigia Lilian.

"Mama Jenipher, yule mzee. Alipotoka karakana, ulimsemesha tena?"

"Alipotoka? Alipotoka alinisemesha mwenyewe. Marahaba mwanangu, marahaba, na maji ya kunywa akaomba. Ndiyo maana nikasema ana dharau, kwamba anaitikiaga anapojisikia."

"Hana dharau," Hyasinta alisema. "Asante."

Alikata simu akabaki ameishika. Alikuwa amelipata jibu, na hakulitaka. Kuna majibu ambayo mtu angelipa yaende kwa mwingine.

"Nani, afande?" Ryoba aliuliza.

"Kawashe gari. Tunakwenda Kibara."

*

Mzee Kasmiri alikuwa kazini. Msiba haukuwa umekwisha, turubai lilikuwa bado limetandwa na wanawake wamekaa na mama Debora, mkewe, kwenye mikeka. Lakini yeye alikuwa ufukweni anapigilia ubao kwenye mtumbwi wa mtu. Midomoni mwake ilichomoza misumari mitatu. Alipowaona aliitema kiganjani.

"Shikamoo mzee," Hyasinta alisema.

"Marahaba. Mmemfunga?"

"Tukae kwanza, baba."

"Nimekaa siku sita. Mmemfunga au bado?"

Hyasinta alikuwa anatazama boksi la vifaa. Ndani yake kulikuwa na sumaku ya spika, nyeusi, mviringo, na misumari imeiganda pande zote. Mzee aliyafuata macho yake.

"Hiyo ni spika ya redio iliyokufa. Ninawekaga misumari hapo isipotee. Macho yangu siku hizi, msumari ukianguka mchangani ndiyo basi."

Hyasinta alitoa mfuko wa kielelezo. Alitaka kusema maneno aliyoyapanga njiani, kuanzia Bunda mpaka hapa, lakini yote yalikuwa yamekauka. Akauweka tu msumari juu ya ubao mbele yake.

Mzee aliutambua kabla haujatulia.

"Mmeutoa wapi?" alisema. "Huo hautolewi."

"Nieleze, baba."

"Huo ni wa kwanza. Kwetu mtumbwi unaanzaga na msumari wa mtumbwi wa baba. Baba yangu alivua nao miaka hamsini, hakupotea. Mimi arobaini, sikupotea hata usiku wa tufani. Mtumbwi wangu ulipooza nikauchomoa, nikauweka pale kwenye sumaku usichanganyike na mchanga. Miaka tisa ulikaa pale unamsubiri Felisian apate chombo chake." Alivuta pumzi. "Haugusi chini, haushikwi na mkono wa mwingine. Unaubeba mdomoni, na ukiwa mdomoni huongei na mtu hata akikusalimia askofu. Nilitoka nao hapa mpaka Musoma sijasema neno. Kondakta alidhani mimi bubu."

"Felisian alikuruhusu?"

"Alisema, baba, humu chuma hakiingii. Nikamtazama tu, nikamlilia kwa macho. Angenikatalia vipi? Akaniletea nyundo. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba nauweka mbele, karibu na kile kinachoonyesha njia, ndiyo mahali pake. Akapaka yeye vanishi, fundi asiuone akamgombeza."

Ryoba aligeuka akatazama maji. Hyasinta aliitoa dira ndogo, akaiweka juu ya ubao. Ilitulia, kaskazini. Kisha akausogeza msumari.

Mzee Kasmiri alikuwa amejenga mitumbwi mia moja na kitu. Alijua kusoma kifaa. Alitazama sindano ikiacha njia yake na kuufuata msumari wa baba yake, akautoa msumari mwenyewe, sindano ikarudi, akausogeza tena. Alifanya hivyo mara tatu. Hyasinta alimwonea huruma, na akaona aibu kwamba ndani ya huruma hiyo kulikuwa na nafuu, kwa ajili ya yule mzee mwingine wa Bunda.

"Fundi hakufanya kitu," mzee alisema.

"Hakufanya."

"Nimewapigia simu kila siku."

"Ndiyo, baba."

"Leo analala wapi?"

"Hilo sasa linategemea karatasi. Ukisema uliyoniambia, nikaandika, ukaweka dole, nitaandika ajali juu ya jalada. Watamtoa. Wewe sitakudanganya, wanasheria wa serikali watakuita, watauliza."

"Waite." Alikaa juu ya mtumbwi. "Andika."

Hyasinta akaandika juu ya goti, kwa mwandiko uliochoka, Ryoba akishikilia karatasi zisipeperuke. Kisha akamsomea: kwamba yeye Kasmiri Makoye, miaka sabini na minne, fundi mitumbwi, siku ya Jumapili aliingia kwenye karakana ya Stanslaus Mugeta huko Buhare na kwa mkono wake mwenyewe akapigilia msumari mmoja wa chuma nyuma ya dira ya ndege, bila mwenye ndege kujua.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini haijaisha."

"Kimebaki nini?"

"Umeandika nilichofanya. Mama yake atasomewa hiyo karatasi. Andika na sababu."

"Niandikeje, baba?"

Mzee alitazama ziwani, halafu mkononi, ambako alikuwa bado ameushika ule msumari.

"Andika, ili asipotee."

Hyasinta aliandika hivyohivyo, akafungua kikopo cha wino. Mzee Kasmiri akahamishia msumari mkono wa kushoto, akaweka dole.